Mgonjwa Hakimbii: Jinsi Moto Ulivyozifundisha Hospitali Kujilinda

Kanuni nyingi za usalama wa moto zimesimama juu ya wazo moja: king'ora kikilia, watu watoke nje. Shuleni, sokoni na kiwandani wazo hilo linatosha kwa kiasi kikubwa. Hospitalini halitoshi. Aliyetoka chumba cha upasuaji, mama aliye katika uchungu, mtoto njiti na mgonjwa anayepumua kwa mashine hawawezi kukimbia, na anayewabeba mmoja mmoja gizani kwenye moshi huenda asirudi kumchukua wa pili. Historia ya karibu miaka 100 inathibitisha kwamba usalama wa mgonjwa huanzia kwenye jengo lenyewe na kwa watumishi waliofunzwa kuuzuia moto usimfikie pale alipolala. Somo hilo limepatikana kwa gharama ya maisha ya watu, na halina sababu ya kulipiwa tena.

Tuanzie Marekani, Mei 15, 1929, katika hospitali ya Cleveland Clinic, jimbo la Ohio. Jengo lake lilikuwa imara, na baada ya mkasa lilibaki limesimama. Hata hivyo watu 123 walikufa, akiwemo John Phillips, mmoja wa madaktari walioianzisha hospitali hiyo. Chanzo kilikuwa chumba cha chini kilichohifadhi picha za eksirei zilizotengenezwa kwa nitroselulosi, malighafi inayowaka upesi na kutoa gesi zenye sumu. Gesi hizo zilipanda hadi ghorofa za juu zikawaua wengi ambao moto wenyewe haukuwagusa. Wengine walijiona wamepona, kisha wakafa baadaye. Wakati huo filamu ya asetati, isiyoshika moto kwa urahisi, ilikuwa tayari inauzwa. Kilichokosekana Cleveland ni uamuzi wa kuitumia na kuhifadhi mzigo wa hatari mahali pake. Ukuta wa zege, kumbe, haumlindi mtu dhidi ya kilichowekwa ndani yake.

Miaka 20 baadaye, usiku wa Aprili 4, 1949, moto uliteketeza hospitali ya St. Anthony mjini Effingham, Illinois, na kuua zaidi ya watu 70, wakiwemo watoto wachanga. Muuguzi Fern Riley alibaki na watoto hao hadi akafa pamoja nao. Moto ulipanda kupitia njia ya kudondoshea nguo chafu na ngazi zisizo na milango, ukalishwa na dari zinazowaka. Ushujaa wa muuguzi mmoja haungeweza kufidia makosa ya jengo zima. Kisha, Desemba 8, 1961, katika hospitali ya Hartford, Connecticut, moto ulioanzia kwenye bomba la kutupia taka ulilipuka katika ukumbi wa ghorofa ya tisa na kuua watu 16. Uchunguzi ulibaini jambo ambalo kila muuguzi anapaswa kulijua: waliokuwa katika vyumba ambavyo milango yake ilirudishwa na kubaki imefungwa walinusurika. Mlango wa kawaida ulikuwa umetenganisha uhai na mauti.

Kutokana na mikasa hiyo, kanuni zikabadilika. Ghorofa ya hospitali hugawanywa sehemu kwa kuta zinazozuia moshi, ili mgonjwa asukumwe na kitanda chake hadi sehemu ya jirani badala ya kushushwa ngazi. Njia za taka na nguo hufungwa, dari zinazowaka huondolewa, na vinyunyizio vya maji huuzima moto ungali mdogo. Marekani ilikwenda mbali zaidi: serikali iliufanya utekelezaji wa kanuni hizo kuwa sharti la hospitali kulipwa na Medicare, bima yake ya afya kwa wazee.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya zamani. Lakini Desemba 9, 2011, mjini Kolkata, India, takriban watu 90 walikufa katika hospitali ya AMRI, wengi kwa moshi, baada ya moto kuanzia chumba cha chini kilichokusudiwa kuegeshea magari lakini kikafanywa stoo. Ni kosa lilelile la Cleveland. Aprili 24, 2021, mitungi ya oksijeni ililipuka katika hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad, iliyokuwa ikitibu wagonjwa wa korona, na watu wasiopungua 82 wakafa. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila huufanya moto mdogo uwe mkubwa ndani ya sekunde chache. Hospitali hiyo haikuwa na vinyunyizio vya maji.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha: nchi inayohangaikia dawa itapata wapi vinyunyizio? Ni kweli kwamba vifaa hivyo ni ghali. Lakini kurudisha mlango, kuondoa magodoro chakavu kwenye ngazi, kuitenga mitungi ya oksijeni na vyanzo vya moto na kufanya mazoezi ya dharura kwa zamu ya usiku havihitaji mkopo. Wengine hutetea kufuli na nondo kwa kuhofia wizi au wagonjwa kutoroka. Wakumbuke Davenport, Iowa, Januari 7, 1950, ambapo watu 41 walikufa katika jengo la wagonjwa wa akili lenye madirisha ya nondo. Mlinzi mwenye ufunguo mkononi hulinda mali bila kuwafungia watu kaburini.

Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, kwa hiyo msingi wa kisheria upo. Waganga wafawidhi wawakaribishe wakaguzi kama wanavyopokea dawa, na wizara ziweke kinga ya moto kwenye ramani ya kila wodi mpya kabla ya kumwaga msingi. Nawe unayemuuguza ndugu yako, ukikuta mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli, usinyamaze: dai ufunguliwe siku hiyohiyo.