Bondia mkubwa wa wakati wote ni nani? Tupime sawa vile tunapima mbegu



Kuna mabishano yenye hayaishake kwetu. Mtu akisema tu "bondia mkubwa wa dunia", kila mmoja anajibu pale pale: Ali. Ukiuliza juu ya nini, jibu ni moja: Kinshasa, 1974, "Ali boma ye". Mimi pia njo vile nilikuwa najibu tangu utoto, juu papa yangu na marafiki zake walikuwa wanatuhadithia ile usiku sawa vile wao wenyewe walikuwa mu ringi. Lakini leo nataka nifanye kitu chenye tulifundishwa ku chuo kikuu: mbele ya kusema kitu fulani ni kikubwa, onyesha kwanza kipimo chako.

Mimi ni mtu wa agronomia. Tukitaka kujua mbegu gani ya mahindi inazaa kuliko zingine, hatuendi kuuliza watu mu njia ni gani wanaipenda. Tunazipanda zote ku shamba moja, msimu mmoja, mbolea ileile, kisha tunapima mavuno. Na msimu mmoja hautoshe, tunarudilia.

Shida ya mabondia ni kwamba hawakupandwa shamba moja. Joe Louis alikuwa bingwa tangu 1937 mpaka 1949, na Ali alizaliwa 1942. Tena uzito wao si mmoja. Basi kwa sababu hatuwezi kuwapanda pamoja, mimi naulizia kila mmoja maswali matatu. Alikutana na nani, na hao watu walikuwa bado na nguvu? Alidumu muda gani pale juu? Na siku yenye alishindwa, kisha alifanya nini?

Wengine wanaangalia hesabu tu. Rocky Marciano: mapambano 49, ushindi 49. Floyd Mayweather: 50 kwa 50. Ile sifuri inavuta macho kweli, na hao wawili walikuwa hodari. Lakini Joe Louis mwenye Marciano alimpiga 1951 alikuwa na miaka 37, nguvu zimekwisha. Na ushindi wa 50 wa Mayweather, 2017, ulikuwa juu ya Conor McGregor, mtu mwenye hakuwa amepigana hata mara moja boksi ya kulipwa. Hesabu si bongo, ila haisemi yote. Ni sawa na mkulima mwenye anakuambia "sijapata hasara hata mwaka moja", lakini haelezi alilima udongo gani.

Louis alitetea mkanda wa uzito wa juu mara 25, na mpaka leo hakuna mwenye alimpita mu ule uzito. Henry Armstrong, mwaka 1938, alishika mikanda mitatu ya dunia kwa wakati mmoja, mu uzito tatu tofauti, siku zenye uzito wote wa boksi ulikuwa 8 tu. Hao nao wana haki ya kutajwa.

Sasa tuje kwa Ali.

Februari 1964, akiwa na miaka 22, alimpiga Sonny Liston na kuwa bingwa. Alitetea mkanda mara 9. Aprili 1967 akakataa kuingia jeshi la Marekani juu ya vita ya Vietnam. Walimnyanganya mkanda na ruhusa ya kupigana, wakamkatia miaka 5 ya gereza. Hakuifunga, juu alikata rufaa, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta ile hukumu. Lakini tangu Machi 1967 mpaka Oktoba 1970 hakupigana. Alikuwa na miaka 25 akitoka, 28 akirudi. Kwa bondia, ile njo miaka ya mavuno.

Alirudi akiwa mzito kidogo wa miguu. Joe Frazier akamshinda Machi 1971. Ken Norton akamvunja taya 1973. Wote wawili alirudiana nao na kuwashinda. Kisha ikafika Kinshasa.

Ile asubuhi ya tarehe 30 Oktoba 1974, ku Stade du 20 Mai, yenye leo tunaita Tata Raphaël, Ali alikuwa na miaka 32. George Foreman alikuwa na 25, mapambano 40 na ushindi 40, 37 kati yao kwa KO. Frazier, yule mwenye alimshinda Ali, Foreman alikuwa amemwangusha mara 6 mu raundi mbili tu. Watu wengi walikuwa wanaogopa Ali atakufa. Yeye akaegemea kamba, akafunika uso, akamwacha Foreman apige mpaka achoke. Raundi ya 8 akamwangusha. Na si bahati: mpaka pale, wote watatu wenye walikuwa wanahesabu pointi walikuwa wamemweka Ali mbele. Kama swali lingekuwa "usiku gani ni mkubwa kuliko zote mu boksi", nisingebisha. Ni ule wa kwetu.

Lakini tuseme pia ile yenye wazee hawapendi sana kuhadithia. Kila bondia alihakikishiwa dola milioni 5, na serikali ya Zaire njo ilisimama nyuma ya ile pambano. Mwaka moja tu mbele yake, Novemba 1973, Mobutu alikuwa ametangaza zairianizasio: maduka na mashamba ya wageni yakapewa watu, wengi wao bila kujua kuyaongoza. Bei ya shaba ilikuwa juu mwanzo wa 1974, kisha mwaka uleule ikaanguka. Mimi mwenye nilisomea kilimo, nikisikia "milioni 10 za mabondia wawili", siwezi kukosa kuwaza mashamba yenye yalianza kufa siku zilezile. Sisemi hivi ili kumhukumu Ali, yeye alikuja kufanya kazi yake. Nasema juu sisi Wakongomani tunaitumia ile usiku sawa ushahidi, na hatukumbuki kwamba ilipangwa na kulipwa ili dunia nzima iikumbuke. Sauti ya uwanja ilikuwa ya kweli. Lakini sauti si kipimo.

Jibu langu mimi ni lingine: Sugar Ray Robinson.

Najua, wengi watasema "huyo ni nani?" Alizaliwa 1921, jina lake la kweli Walker Smith. Alipoteza mara ya kwanza Februari 1943, mbele ya Jake LaMotta, mwenye alimzidi uzito. Kisha hakushindwa tena mpaka Julai 1951: mapambano zaidi ya 90. Na hakukimbia LaMotta. Walipigana mara 6, Robinson akashinda 5, ya mwisho 1951 ku Chicago ikampa mkanda wa uzito wa kati. Alikuwa tayari bingwa wa uzito wa chini yake tangu 1946. Randy Turpin alimshinda ku London Julai 1951. Septemba ya mwaka uleule, ku New York, akaurudisha mkanda wake.

Juni 1952 akapanda tena, akatafuta mkanda wa tatu mbele ya Joey Maxim. Joto lilikuwa kali mpaka mwamuzi wa ringi mwenyewe akashindwa kuendelea, wakamleta mwingine. Robinson alikuwa mbele kwa pointi, lakini raundi ya 14 hakuweza kusimama kutoka ku kiti. Joto njo lilimshinda. Alipoacha mwaka ule hesabu yake ilikuwa ushindi 131 na kushindwa 3. Kisha akarudi, akachukua tena mkanda wa uzito wa kati, na jumla akaushinda mara 5. Sehemu kubwa ya mapambano yenye alipoteza ilikuja uzeeni. Na Ali mwenyewe alikuwa anasema wazi kwamba Robinson njo alikuwa mfano wake.

Mwenye atanipinga atasema: "Lakini Ali walimwibia miaka tatu na nusu!" Ni kweli, na inaniuma. Ila mavuno ya shamba lenye halikulimwa hatuyaandike mu daftari. Kukubali kupoteza yote juu ya dhamiri kunamfanya Ali kuwa mtu mkubwa, mkubwa kuliko Robinson, mimi nakubali. Lakini hicho ni kipimo kingine. Na tukianza kupima mtu, tupime yote: Frazier alikuwa amemuunga mkono siku zenye alikatazwa kupigana, kisha Ali akamwita sokwe mbele ya dunia nzima, 1975, walipokwenda Manila. Frazier alibeba ile uchungu miaka mingi.

Sasa, juu ya nini karibu wote tunamtaja Ali na hakuna mwenye anamtaja Robinson? Juu Robinson hakuna mengi ya kutazama: ya miaka yake bora, picha za sinema zenye zimebaki ni kidogo sana. Na tena hakupigana kwetu. Tunamjua mwenye walituonyesha.

Njo maana nataka nimalizie na jina moja. Mwaka ule wa 1974, kijana moja mzaliwa wa Lubumbashi alikuwa na miaka 18. Anaitwa Sumbu Kalambay. Alienda Italia, na Oktoba 1987 akawa bingwa wa dunia wa WBA, uzito wa kati, uleule uzito wa Robinson. Machi 1988 akampiga Mike McCallum, mtu mwenye hakuwa amepoteza hata mara moja. Mwaka wa kufuata Michael Nunn akamwangusha mu raundi ya kwanza, ku Las Vegas. Sisemi Kalambay ni mkubwa wa wakati wote, kipimo changu kinamkatalia. Lakini niliuliza wenzangu sita, wote wenye diplome, watatu wazaliwa wa Lubumbashi. Wote sita walinihadithia raundi ya 8 ya Ali. Hata mmoja hakujua Kalambay.

Papa yangu nilimuuliza mwisho. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ule alikuwa anapiga sawa Ali." Hata yeye, kipimo chake ni kilekile.