Somo la Redio: Hewa Iliyokuwa Ndani ya Meli

Ndugu wanafunzi wa kisomo cha watu wazima, fungueni madaftari yenu. Mwenye kalamu mbili amwazime mwenziwe asiye nayo. Tena namwomba mwalimu wenu aweke mbele ya darasa ndoo ya maji, kopo moja tupu la bati, kitambaa kikavu na msumari. Vitu hivyo tutavitumia baadaye kidogo.

Somo la leo ni la historia. Wako watu wadhanio kwamba historia ni habari za wafalme na vita tu. Sivyo. Msiba nao una historia yake, na watu wasioisoma huweza kupatwa na msiba ule ule mara ya pili.

Siku ya Jumanne, tarehe 21 Mei mwaka 1996, meli iitwayo MV Bukoba ilikuwa ikimaliza safari yake katika Ziwa Viktoria. Ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikaelekea Mwanza. Meli hiyo ilipasa kuchukua abiria 430. Safari ile ilichukua watu wengi kupita kiasi hicho. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa katika orodha, lakini wa daraja la tatu hawakuandikwa. Kwa sababu hiyo hakuna awezaye kutaja hesabu kamili ya waliokuwamo. Asubuhi, walipokuwa wanakaribia mwisho wa safari, meli ililala upande, kisha ikapinduka.

Sasa sikilizeni kwa makini. Meli haikuzama mara moja. Ilibaki ikielea kwa muda mrefu, chini juu, mkuku wake ukitazama mbingu. Watu wengine waliokuwa nje waliokolewa. Lakini ndani yake walikuwamo watu hai, na waliokuwa juu waliweza kusikia wakigonga chuma.

Je, wewe ungefanya nini? Fikiri kidogo kabla sijaendelea. Umesimama juu ya chuma, na chini ya miguu yako mtu anagonga, pengine ni ndugu yako. Bila shaka ungetaka kukata njia umtoe. Waokoaji walifikiri hivyo hivyo. Walitoboa tumbo la meli. Walipotoboa, hewa ikatoka kwa nguvu, maji yakapanda mahali pa ile hewa, na meli ikazama pamoja na watu waliokuwamo.

Makadirio mengi husema kwamba katika ajali ile walikufa watu 800 au zaidi. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku 3 za maombolezo. Wapiga mbizi walikuja kutoka Afrika Kusini kusaidia kutoa maiti. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na baadhi ya wahusika walishtakiwa mahakamani. Wengi wa marehemu walizikwa Igoma, mjini Mwanza.

Basi, kwa nini tundu lile lilizamisha meli? Mwalimu, chukua kopo. Shindilia kitambaa ndani, kwenye kitako chake. Geuza kopo mdomo chini, ulizamishe wima katika ndoo. Wanafunzi, njooni mmoja mmoja mkalisukume. Mnasikia jinsi linavyosukuma mkono kurudi juu? Litoeni, mguse kitambaa. Ni kikavu. Maji hayakuingia, maana nafasi ilikuwa imekwisha kukaliwa na hewa.

Sasa toboa kitako cha kopo kwa msumari, uzibe tundu kwa kidole, ulizamishe tena. Ondoa kidole. Utasikia hewa ikipuliza, kopo halina nguvu tena, na kitambaa kinalowa. Kopo hilo ni MV Bukoba. Hewa ile ndiyo iliyokuwa ikiwapa watu pumzi, tena hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiibeba meli.

Waliotoboa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na huruma na haraka, lakini hawakuwa na ujuzi wala vyombo vya kazi ile. Huruma peke yake haielei.

Miaka 22 ikapita. Tarehe 20 Septemba mwaka 2018, kivuko MV Nyerere kilikuwa kikitoka Bugolora, kisiwani Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kilipasa kuchukua watu 101. Kilichukua zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo, pamoja na mizigo. Kilipokuwa karibu kabisa na gati, kikapinduka. Walikufa watu zaidi ya 220. Lakini siku ya pili baada ya ajali, wapiga mbizi walimkuta ndani fundi wa mitambo yu hai. Alikuwa mahali palipobaki hewa. Wapiga mbizi walimfikia kwa kupitia majini, wakamtoa. Ona tofauti. Hewa iliyoachwa mahali pake ilimhifadhi mtu mpaka wenye ujuzi walipomfikia.

Ndugu zangu, wengi wetu hatutaokoa watu katika meli kubwa. Lakini kila mwenye kukaa ufukoni au kupanda mtumbwi huweza siku moja kumwona mtu anazama. Hapo pia huruma yenye haraka huua. Wazee walisema, mfa maji haishi kutapatapa. Mtu anayezama hatambui baba wala rafiki. Hushika chochote kilicho karibu na kukipanda ili apate pumzi. Ukimwendea kwa kuogelea, atakupanda wewe, na mahali pa jeneza moja yatatoka mawili.

Kwa hiyo shikeni utaratibu huu. Kwanza, piga kelele watu waje. Pili, ukiwa nchi kavu, lala kifudifudi umnyooshee pondo, kasia au tawi refu, ukivutwa, liachilie. Tatu, akiwa mbali, mtupie dumu tupu lililofungwa kizibo, likiwa na kamba. Dumu hilo huelea kwa hewa ile ile tuliyoiona katika kopo. Nne, ukienda kwa mtumbwi, mwendee polepole na umpe kamba au kasia ashike. Kisha mwambie ashike tezi, wala usimpandishe ubavuni, maana mtumbwi utapinduka nanyi nyote mtakuwa majini. Kuogelea kumwendea ni kazi ya aliyefundishwa, mwenye kitu cha kuelea mkononi.

Lakini uokoaji ulio bora kupita wote ni ule usiohitajiwa. Katika misiba hii miwili chombo kilijazwa watu kupita kiasi kabla hakijang'oa nanga. Wewe uliyejifunza kusoma, soma ile hesabu ya abiria iliyoandikwa ubavuni mwa chombo. Kisha hesabu vichwa. Ukiona vimezidi, shuka, hata kama umekwisha kulipa nauli. Na jina lako liandikwe katika orodha, uwe daraja lolote.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini hesabu kamili ya abiria wa MV Bukoba haikupatikana?

2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kazi ya hewa katika chombo kilichopinduka.

3. Ni vitu gani nyumbani kwenu vinavyoweza kuelea na kumsaidia mtu anayezama?

4. Ukikuta chombo kimejaa kupita kiasi, utamwambia nini nahodha? Andika sentensi tatu.

Mpaka kipindi kijacho, ndugu wanafunzi, kwaherini. Mwalimu, usilitupe lile kopo. Liacheni darasani, mpate kuwaonyesha ambao hawakuja leo.