NDEGE ILIYOTOKA ZIWA VICTORIA IKAKWAMA CONGO KARIBU MIEZI 10! WALIOIOKOA MAJINA KAPUNI

Ukikaa Iringo pale Musoma ukaangalia ziwa, unaona mitumbwi na boti tu. Lakini miaka ya 1930 ziwa hilihili lilikuwa uwanja wa ndege! Ndege za Imperial Airways ya Uingereza zilikuwa zinatua juu ya maji pale Kisumu na Port Bell, zikibeba abiria na barua za Ulaya. Barua zao mwaka 1931 zilishafika mpaka Mwanza.

Sasa sikia hii. Tarehe 14 Machi 1939, ndege moja inaitwa Corsair iliondoka Port Bell kwenda Juba. Kapteni wake jina kapuni, ila kaka yake ni mmoja wa wale wawili wa kwanza kuvuka Atlantiki kwa ndege bila kutua, mwaka 1919. Ukoo mkubwa, lakini angani ukoo hausaidii. Wakapotea njia, mafuta yakawa yanaishia. Ikabidi watue mto Dungu, karibu na Faradje, Congo ya Wabelgiji. Mwamba ukachana tumbo la ndege, maji yakaingia.

Mafundi wakatumwa kutoka Uingereza. Kazi yenyewe siyo kuziba tundu tu. Hata anayetengeneza ndege ndogo ya mfano ya faibaglasi anajua: ukipaka gundi kabla ya kunyoosha bodi, inakauka na upinde wake. Kwanza unapima kutoka mkiani mpaka ncha ya kila bawa. Vipimo visipolingana, ikiruka itavuta upande mmoja. Corsair ilikuwa ya bati la alumini, tena kubwa, lakini sheria ni hiyohiyo. Na tumbo lake ndiyo boti yake, likivuja haipai.

Julai wakaijaribu. Ikagonga mwamba tena! Tumbo likachanika upya, kazi ikaanza moja.

Septemba vita kuu ikalipuka, Uingereza ikawa inahitaji kila ndege iliyonayo. Kuiacha haikuwezekana. Tatizo mto ni mwembamba na maji hayatoshi, kwa hiyo likajengwa bwawa ili maji yapande. Hapo ndipo wanapoingia watu wenye stori yao: vibarua Wakongo. Wao ndio waliotoa jasho kwenye bwawa lile, na kijiji kikaota palepale, kikaitwa Corsairville.

Tarehe 6 Januari 1940 Corsair ikapaa, ikarudi kazini.

Leo kapteni anajulikana, ndege inajulikana. Kijiji nacho kilipewa jina la ndege, siyo la hata mmoja wa waliobeba udongo na mawe. Lakini bila bwawa lao, fundi angenyoosha bati mpaka achoke na ndege ingeozea mtoni.

Kwako mdau: ungekuwa wewe, kijiji kile ungekiita nani?