Siku mwenye mafuta alipomlipa mnunuzi

Jumatatu ya tarehe 20 Aprili 2020, katika soko la mafuta la New York, pipa la mafuta yasiyosafishwa ya Marekani lilifunga siku kwa bei ya dola 37 na senti 63 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba mwenye mafuta alikuwa tayari kumlipa mtu zaidi ya dola 37 kwa kila pipa, mradi amwondolee mzigo. Mafuta hayo yalianza kuuzwa kwa mikataba sokoni hapo mwaka 1983, na jambo kama hilo halikuwa limetokea hata mara moja.

Sokoni pale watu wengi hununua na kuuza makaratasi tu. Mafuta yenyewe hawayaoni wala hawana haja nayo. Mkataba mmoja ni wa mapipa 1,000. Mikataba ya mwezi Mei ilikuwa inakwisha tarehe 21 Aprili, na ambaye angekutwa nao mkononi alipaswa kupokea mafuta halisi katika mji mdogo wa Cushing, jimbo la Oklahoma, ambako mabomba mengi hukutana na matangi yanaweza kuweka mapipa kama milioni 76. Matangi hayakuwa yamejaa pomoni, lakini nafasi iliyobaki ilikuwa imekwisha kukodishwa. Mwuza maziwa akikosa wateja huyamwaga, akalala na hasara yake. Mafuta ya petroli hayamwagwi mtaroni. Basi walanguzi wakaanza kukimbizana mlangoni, kila mmoja akitaka kutoka kabla ya mwenzake.

Misukosuko ya mafuta tuliyoizoea ilikuwa ya upungufu. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipopunguza mafuta, bei ilipanda karibu mara nne katika muda wa miezi michache, na nchi zetu changa zikalia. Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, ikawa hivyo tena. Safari hii mafuta yalikuwapo tele; aliyekosekana ni mtu wa kuyachoma.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba ugonjwa wa korona umekuwa janga la dunia. Kabla ya mwezi kwisha India ilikuwa imewafungia ndani watu zaidi ya bilioni moja, na ndege zilikuwa zimepangwa viwanjani kama magari kwenye gereji. Dunia iliyokuwa ikitumia mapipa karibu milioni 100 kwa siku ilikadiriwa na Shirika la Kimataifa la Nishati kuwa, mwezi Aprili, ingetumia pungufu ya mapipa milioni 29 kuliko mwaka uliotangulia. Hicho ni kiwango cha mwaka 1995. Robo karne ya ongezeko ilifutika kwa majuma machache.

Na wakubwa walifanya nini? Walikuwa wanagombana. Mapema mwezi Machi, Saudi Arabia na Urusi zilishindwa kuelewana mjini Vienna juu ya kupunguza uzalishaji, na Saudi Arabia ikafungua mabomba yake kwa hasira. Walipatana tarehe 12 Aprili kupunguza mapipa milioni 9.7 kwa siku, lakini kuanzia Mei. Aprili ilikuwa imekwisha kuharibika.

Umeme ulikwenda njia nyingine. Mtu aliyefungiwa nyumbani haendeshi gari, lakini huwasha taa, jokofu na televisheni, na hospitali hazilali. Umeme ulipungua hasa viwandani na maofisini, na kwa mwaka mzima dunia ilipoteza kama asilimia moja tu. Mahitaji yakishuka, mtambo wa kwanza kuzimwa ni ule unaohitaji kununuliwa kitu cha kuchoma, maana upepo na jua havitozi fedha. Ndiyo sababu Uingereza, ambako London ilikuwa na kituo cha umeme wa makaa ya mawe tangu mwaka 1882, ilikaa karibu siku 68 bila kutumia makaa, kuanzia tarehe 10 Aprili hadi katikati ya Juni 2020.

Huku kwetu mawimbi ya Cushing yalifika yakiwa yamechelewa kidogo, kwa kuwa shehena husafiri baharini kwanza. Katikati ya Mei 2020 lita ya petroli mjini Nairobi iliteremka hadi shilingi 83 na senti 33, kutoka shilingi 110 na senti 87 za mwezi Machi. Nani aliifaidi? Usiku palikuwa na kafyu, na tangu tarehe 6 Aprili hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka jijini na vitongoji vyake. Mwenye matatu aliyezoea kwenda Nakuru aliyaangalia mafuta rahisi kupitia dirishani. Oktoba 2023, barabara zikiwa wazi, lita ile ile iliuzwa shilingi 217 na senti 36. Kodi na kudhoofika kwa shilingi vilichangia. Mama anayepikia mkaa hakuingia katika hesabu hizo zote. Watoto walipokuwa nyumbani mchana kutwa, jiko lake liliwaka zaidi, si pungufu.

Kisha kuna Turkana. Agosti 2019 Kenya ilipakia Mombasa shehena yake ya kwanza ya mafuta, mapipa yapatayo 200,000 yaliyoletwa kwa malori kutoka Lokichar. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza kwamba yameuzwa dola milioni 12, yaani kama dola 60 kwa pipa. Miezi tisa baadaye, Mei 2020, kampuni ya Tullow na wabia wake waliiarifu serikali kwamba hawawezi kutimiza masharti ya mkataba, wakitaja vizuizi vya korona na mabadiliko ya kodi. Agosti waliliondoa tangazo hilo, lakini malori hayakurudi barabarani. Nchini Uganda, Tullow hiyo hiyo ilikubali Aprili 2020 kuiuzia kampuni ya Total sehemu yake yote kwa dola milioni 575. Mwaka 2023 wabia wake wa Turkana walijitoa, na mwaka 2025 Tullow yenyewe ikaiuzia Gulf Energy mali zake za Kenya kwa dola zisizopungua milioni 120.