Rufaa

Mahakamani mtu hukata rufaa, hospitalini hupewa. Neno ni moja, lenye asili ya Kiarabu katika maana ya kuinua, nalo hupandisha shauri au mgonjwa ngazi. Nchini Tanzania majina yanatofautiana: ipo Mahakama ya Rufani na zipo hospitali za rufaa. Kenya ina Mahakama ya Rufaa.

Tofauti kubwa imo katika kinachosafiri. Shauri likipanda, kumbukumbu za mwenendo wake hupanda nalo, maana majaji hawawezi kuamua bila kuzisoma. Mgonjwa anayetoka zahanati kwenda hospitali ya wilaya, ya mkoa hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, mara nyingi hubeba barua ya ukurasa mmoja. Vipimo na orodha ya dawa hubaki kwenye faili alikotoka, naye hutobolewa kidole upya.

Hospitali nyingi sasa zinatunza taarifa kwenye kompyuta, lakini faili la kielektroniki lisilosomeka katika hospitali ya pili halina tofauti na la karatasi lililofungiwa kabatini. Mifumo inapaswa kuzungumza, tena kwa mipaka: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Daktari anayempokea mgonjwa azione. Mwajiri wake asizione.

Kwa hiyo ukiambiwa umepewa rufaa, uliza: mimi peke yangu, au pamoja na taarifa zangu?