Santuri: dansi lipigwe Dar, sahani itoke Nairobi

Haya wadau, leo naweka lekcha pembeni kidogo. Wiki hii hosteli kuna ubishi. Jamaa mmoja anasema zilipendwa za kwenye santuri zina sauti nzito kuliko MP3, mwingine anadai ni mikwaruzo tu na ushamba. Mie nasema tuanzie kwenye historia.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Utaratibu ukawa huo: sisi tunaimba, sahani inatengenezwa kwa watu. Tanganyika, na baadaye Tanzania, haikuwa na kiwanda cha santuri. Ndio maana Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, jembe letu kabisa, santuri zake zilitoka Nairobi kwa Polygram.

Hapa Dar tulikuwa na RTD, Barabara ya Pugu. Bendi nzima inaingia studio, inapiga moja kwa moja, sauti inabaki kwenye kanda kubwa. Ila kanda hizo zilikuwa za kurushwa hewani, sio za kuuzwa Kariakoo.

Sasa bwana, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Kiwanda kiko ng'ambo ya mpaka! Na ndio kipindi dansi limenoga: Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza 1978, ikapewa jina la baa ya huku huku karibu na chuo. Watu wakawa wanakaa na redio kaseti, wimbo ukianza wanabonyeza kurekodi.

Hapo ndipo ubishi wa sauti unapoisha. MP3 nyingine za zilipendwa zinazouzwa mitaani asili yake ni kaseti kama hizo, zilizonakiliwa mara chungu nzima. Unachoshindanisha sio santuri na MP3, ni nakala ya kwanza na nakala ya kumi. Lazima besi ipotee!

Lakini santuri nayo sio malaika. Ile ndogo ya inchi 7 upande mmoja unabeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili. Unasikiliza mashairi, chemko linataka kuanza, inabidi uinuke ugeuze sahani. Ukiweka sindano iliyochakaa inachimba mifereji, na vumbi letu la Dar linamalizia kazi.

Leo ukienda Kariakoo utawekewa nyimbo kwenye flash chapchap. Santuri zenyewe zinasakwa na wakusanyaji wa Ulaya, na Wafaransa wa Buda Musique wameshatoa CD za muziki wetu wa enzi hizo.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama babu ana santuri uvunguni, usiziuze kwa bei ya karanga. Zisimamishe wima, mbali na jua, na uzinakili vizuri. Huenda hiyo ndiyo nakala ya kwanza iliyobaki.