Mlengwa na Hadhira

Ukitaja "walengwa" Kahororo, kata ya Manispaa ya Bukoba, wengi watadhani umeleta habari za TASAF. Neno hilo limezoeleka kwenye mikutano ya mitaa: mlengwa ni kaya iliyoandikishwa katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, nayo hupokea fedha. Sasa neno lile lile limeingia kwenye simu. Mfanyabiashara anayelipia tangazo Facebook au Instagram huambiwa achague walengwa wake, na safari hii mlengwa ndiye anayetarajiwa kutoa fedha. Anayetunga istilahi hana budi kulitazama hilo kwa makini, kwa sababu muuzaji akilielewa neno vibaya, hasara ni yake.

Kwa dhana ya Kiingereza ya audience targeting, baadhi yetu tumekuwa tukiandika "ulengaji hadhira". Kulenga hakuna shida. Mtoto mwenye manati hulenga embe, mwindaji hulenga mnyama, na mwandishi wa barua ya kazi huilenga kazi yenyewe. Hadhira ndiyo inayonitatiza. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, na ndugu zake tunaowatumia kila siku ni kuhudhuria na mahudhurio ya darasani. Shuleni tulifundishwa fanani na hadhira: bibi anasimulia, wajukuu wako mbele yake, wanaitikia na kuguna. Hadhira ni watu waliopo. Anayepanga tangazo hana mtu mbele yake bado. Anachochagua ni sifa tu: mahali, umri, mambo ambayo mtu hupenda kuyatazama. Mtandao ndio unaokwenda kuwatafuta wenye sifa hizo.

Kahororo nilikaa na dada mmoja anayekaanga senene, anawafunga kwenye pakiti na kuwauza. Alikuwa amelipia tangazo akaacha kila kitu kama simu ilivyopanga. Pini ilikuwa Kahororo, na duara limechorwa kuizunguka. Nikaikuza ramani kwa vidole viwili: kipande kikubwa cha duara kilikuwa buluu. Ziwa Victoria. Nchi kavu iliyobaki ilikuwa Bukoba na vijiji vyake, ambako msimu ukifika, Novemba na Desemba, taa kali huwashwa usiku, mabati husimamishwa, na senene huteleza hadi kwenye mapipa. Fedha yake ilikuwa ikiwatangazia senene watu wenye senene.

"Kaka, mbona wanasema watu wengi wameliona?" akaniuliza.

Ni kweli waliliona. Walikuwa hadhira, ila hawakuwa walengwa. Tangu siku ile nayatenganisha maneno haya mawili, na nawaomba wenzangu wafanye hivyo: mlengwa ni yule uliyemkusudia kabla ya kulipa, hadhira ni wale ambao tangazo limepita mbele ya macho yao. Kazi ya kuboresha tangazo ni kuyasogeza makundi hayo mawili mpaka yakutane. Mitego ile ya senene iliwahi kunishawishi nipendekeze "kutega wateja", maana mtegaji naye hamlengi senene mmoja mmoja. Nimeliacha. Mteja si windo.

Kwa nini kukosea kunagharimu? Kwa sababu nafasi za matangazo huuzwa kwa mnada. Kila inapopatikana nafasi ya kumwonyesha mtu tangazo, matangazo hushindanishwa papo hapo, na mfumo hupima dau la kila mtangazaji, uwezekano wa mtu yule kuitikia, na ubora wa tangazo lenyewe. Tangazo lako likipelekwa kwa wasiohitaji bidhaa yako, unalipia macho yaliyopita tu.

Tuliihamisha pini hadi Dar es Salaam, ambako wenyeji wa Kagera ni wengi na senene ni wa kusubiri basi. Kabila huwezi kulichagua, na Januari 2022 Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, iliondoa vipengele vingi vya kulenga vilivyogusa afya, dini, siasa na asili ya watu. Nadhani ilifanya vyema. Tukatumia mapenzi ya watu kwa Bukoba na Kagera. Kwenye lugha alitaka kuchagua Kiswahili, nikamzuia: Watanzania wengi huacha simu zao katika Kiingereza ingawa huzungumza Kiswahili kutwa, na kigezo hicho kingewatupa nje. Wala hatukuongeza sifa nyingine, maana ukibana mno, mfumo hukosa watu wa kujifunzia.

Kisha akatoa daftari. Majina na namba za wateja, zaidi ya mia moja, kwa kalamu za rangi tofauti. Orodha kama hiyo ikipandishwa, Facebook inaweza kuwatafuta wanaofanana nao, mradi iwatambue angalau watu 100 wa nchi moja. Hawa nawaita walengwa wa mfanano. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililofanya zikusanywe. Wateja wale walitoa namba ili wapelekewe senene, basi.

Akalifunga daftari, akafikiri. Jioni ile ile akaanza kuwapigia mmoja mmoja, kuanzia mteja wake wa Kimara: "Shikamoo mama, naomba ruhusa yako kidogo kuhusu hii namba."